Mt. Matia Mulumba: mtu mzima aliyekubali kuanza mwanzo



Juni 3 ikikaribia sisi vijana huwa tunawakumbuka sana Mt. Karoli Lwanga na Mt. Kizito. Ni sawa kabisa. Lwanga ndiye msimamizi wetu vijana wa Afrika, na Kizito alikufa akiwa bado mdogo, ana miaka kama 14 hivi. Ila mwaka huu naomba niwasimulie mwenzao mmoja ambaye hakuwa kijana hata kidogo. Huyu alikuwa na cheo, ana wake, ana mji wake na watu wanaomnyenyekea, halafu akakubali kukaa chini kufundishwa sala pamoja na vijana wa umri wa wanawe. Anaitwa Mt. Matia Kalemba Mulumba.

Sababu ya kumchagua yeye ni hii: namsaidia katekista kwenye darasa la watu wazima hapa Kagongwa. Wanakuja watu wa kila namna. Yupo anayebeba magunia kwenye mashine za kukoboa mpunga, yupo mama ntilie anayewapikia madereva wa malori, wapo vijana waliorudi kutoka machimbo ya Kakola na Mwime, yupo na bibi mwenye wajukuu sita. Na karibu wote wana maswali yale yale. Kwa nini muda wote huu? Mtu mzima nitakaaje kukariri Salamu Maria mbele za watu? Na mimi niliyetoka dhehebu lingine nitaanza upya? Na je, mwenye wake wawili? Nikitafuta pa kuanzia kuwajibu, huwa naona maisha ya Mulumba yanajibu vizuri kuliko mimi.

Mtoto aliyetekwa

Mulumba hakuwa Mganda wa kuzaliwa. Alizaliwa Busoga, mashariki ya mto Nile, inakadiriwa miaka ya 1830. Zamani zile majeshi ya Buganda yalivuka mto kwenda kuteka watu na mifugo. Yeye na mama yake walitekwa, akakulia utumwani Buganda. Bahati yake ni kwamba aliangukia kwa mzee mmoja aitwaye Magatto, aliyemlea kama mwanawe wa kumzaa, akapewa jina la Kalemba.

Huyo mzee alikuwa mtu wa kufikiri. Matia mwenyewe baadaye aliwaeleza mapadre kwamba baba yake mlezi hakuridhika na dini za mababu. Aliamini ukweli kuhusu Mungu haujafika bado, na kabla ya kufa aliwaambia wanawe kwamba siku moja watakuja watu wa kuwafundisha njia iliyo sawa. Kijana akaliweka neno hilo moyoni.

Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi chini ya mtawala wa jimbo la Ssingo, ambaye cheo chake ni Mukwenda. Kwa uaminifu wake akapandishwa mpaka akapewa madaraka ya Mulumba. Yaani Mulumba lilikuwa jina la cheo, likamganda mpaka leo. Mtoto wa mateka akawa mkubwa wa kuheshimiwa.

Alitafuta, hakukurupuka

Dini ya kwanza kutoka nje aliyoifuata ilikuwa Uislamu, ambao ulikuwa umeshaingia Buganda kupitia wafanyabiashara wa pwani, na Kabaka Mutesa mwenyewe aliwahi kuushika. Mulumba aliupokea kwa moyo wote akidhani hiyo ndiyo njia aliyotabiri baba yake. Kisha Waanglikana walifika mwaka 1877. Akawasikiliza, akaona labda ndio hawa, akajiunga na mafundisho yao.

Mwaka 1879 wakafika Mapadre Weupe. Na hapa, ndugu zangu wa Usukuma na Unyamwezi, tusikilize vizuri, maana hao mapadre walipita kwetu. Walitoka Bagamoyo kwa miguu, wakapita Tabora, wakakata nchi hii mpaka Kageye, kusini mwa ziwa letu kubwa. Kutoka hapo Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans wakapanda mtumbwi, wakafika Kigungu, karibu na Entebbe, tarehe 17 Februari 1879. Waganda walimwita Lourdel Mapeera, kutokana na neno la Kifaransa la kumwita padre.

Mulumba akaenda kuwasikiliza na hawa pia. Hakuhama siku hiyo hiyo. Alilinganisha, aliuliza, akatulia. Mwaka 1880 ndipo akaomba kuandikishwa kuwa mkatekumeni kwa Wakatoliki.

Napenda kulitaja hili kwa sababu darasani kwetu wapo waliotoka Uislamu, wapo waliotoka AIC, wapo waliotoka kwa Wasabato na kwa Walokole, na wapo ambao mababu zao hawakuwa na dini zaidi ya kutambikia mizimu. Wengine wanaona aibu kusema walikopitia. Ndugu, Mulumba alipita madhehebu na dini tatu, na leo yuko kwenye orodha ya watakatifu. Na tusije tukawadharau wale tulikotoka. Waanglikana nao walimwaga damu siku zile zile Buganda, na Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu mashahidi wetu 22, aliwataja kwa heshima na hao ndugu Waanglikana.

Kwa aliyekwisha kubatizwa kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu katika kanisa ambalo ubatizo wake Kanisa letu linautambua: huyo habatizwi mara ya pili. Anafundishwa, anaungama dhambi zake, anakiri imani na kupokelewa, kisha anapata Kipaimara na Ekaristi. Kwa hiyo lete cheti chako mapema, au mtafute mtu aliyeshuhudia ubatizo wako.

Kwa nini muda mrefu

Mwanzilishi wa Mapadre Weupe, Lavigerie, aliwawekea wamisionari wake sheria ngumu. Mtu akitaka ubatizo asibatizwe haraka, afuate safari ya miaka minne: miwili ya mwanzo ya kujaribiwa na kufundishwa misingi, na miwili ya ukatekumeni wenyewe. Wengi wakati ule waliona ni kuwachosha watu. Lakini yeye aliangalia Wakristo wa karne za kwanza, jinsi walivyoandaliwa taratibu, akataka Afrika iwe na Wakristo ambao hata mapadre wakifukuzwa imani itabaki.

Mulumba alisubiri miaka miwili. Fikiria mtu wa miaka zaidi ya arobaini, amezoea kuamuru, anafundishwa ishara ya msalaba. Na hakuwa jirani. Makazi yake yalikuwa Mityana, na kutoka huko mpaka mji wa Kabaka ni kilomita kama 70. Hakuna bodaboda, hakuna Noah. Ni miguu.

Siku hizi kwetu muda ni mfupi kuliko ule. Parokia nyingi huchukua mwaka mmoja mpaka miwili, inategemea na ratiba ya parokia na hali ya mtu mwenyewe. Lakini hata huo kuna wanaouona mrefu. Ikivuma habari kwamba kuna mahali dhahabu imetema, darasa linapungua wiki hiyo hiyo. Siwalaumu, watu wanatafuta riziki. Ninachowaambia ni kwamba ukienda machimboni aga kwa katekista, uliza kigango cha huko, uendelee huko huko. Safari haifutiki kwa sababu umehama.

Na lipo jambo ambalo wengi hawalijui. Ukishapokelewa rasmi kuwa mkatekumeni, tayari wewe ni wa nyumba hii. Kanisa linakuombea, na ukifariki kabla ya ubatizo una haki ya mazishi ya Kikanisa. Kati ya mashahidi wale 22 yumo Mukasa Kiriwawanvu, aliyeuawa akiwa bado mkatekumeni. Hakuna maji yaliyomgusa. Damu yake ikawa ubatizo wake. Kwa wenzetu wanaoingia kwenye maduara kila asubuhi, hili si neno dogo.

Suala la wake

Sasa tufike kwenye lile ambalo watu huuliza kwa sauti ya chini.

Mulumba alikuwa na wake kadhaa, kama wakubwa wote wa wakati wake. Alipoamua kuwa Mkristo alibaki na mke mmoja, Kikuvwa. Habari hiyo tunaisoma kwa sentensi moja tu, kisha tunaendelea na mambo mengine. Mimi siwezi kuipita haraka hivyo.

Baba yangu ana wake wawili, na mimi ni mtoto wa mke wa pili. Nilibatizwa mwenyewe nikiwa na miaka 21. Mwaka jana baba alianza kuja darasani. Anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, anasikiliza, hajaandikisha jina. Anajua, na mimi najua, kwamba akiandika jina kuna swali litakuja nyumbani, na jibu lake linaweza kumgusa mama yangu.

Nilimuuliza padre wetu. Alinifungulia Sheria za Kanisa, kanuni ya 1148. Mtu ambaye hakubatizwa, mwenye wake wengi ambao nao hawakubatizwa, akipokea ubatizo anatakiwa kubaki na mmoja. Kwa kawaida ni yule wa kwanza, lakini kama ni vigumu kwake kuendelea na huyo wa kwanza, anaweza kubaki na mmoja kati ya wale wengine, na ndoa yao ifungwe kwa utaratibu wa Kanisa. Halafu inakuja sehemu ambayo watu hawaisomi: askofu anatakiwa kuhakikisha kwamba yule wa kwanza na wengine walioachwa wanatunzwa ipasavyo, kwa haki, kwa upendo wa Kikristo na kwa usawa. Maana yake mwanamke hawezi kufukuzwa na fuko lake la nguo eti mzee ameokoka. Ana nyumba yake, ana shamba lake, ana watoto wake, na watoto hao ni watoto halali wa baba yao.

Padre akaniambia pia kwamba hakuna mtu atakayemharakisha baba. Watakaa nao wote watatu, waongee, zaidi ya mara moja. Mama zangu wote wawili wana neno katika jambo hili.

Sijui baba ataamua nini. Wakati mwingine naomba aandikishe jina, wakati mwingine nikimwona mama anapeta mchele uani naogopa ombi langu mwenyewe. Nimeona niliseme wazi kwa sababu vijana wengi wa huku mko nyumba kama yetu, na mkisoma maisha ya watakatifu mnajiuliza mambo haya peke yenu. Mulumba hakuchukua uamuzi wa bei rahisi, na sidhani kama ulikuwa rahisi kwa wale wanawake. Namwomba aiombee nyumba yetu, kwa kuwa yeye anajua uzito wake.

Baada ya ubatizo

Alibatizwa tarehe 28 Mei 1882, Dominika ya Pentekoste, akaitwa Matia. Siku hiyo alibatizwa pia rafiki yake Luka Banabakintu.

Miezi michache tu baadaye, Novemba 1882, mapadre waliona hali imekuwa ya hatari, wakaondoka Buganda. Walivuka ziwa wakaja upande wetu, Bukumbi, na hawakurudi mpaka Julai 1885. Karibu miaka mitatu hakuna padre, hakuna Misa, hakuna kitubio. Lavigerie alikuwa ameona mbali. Wale waliofundishwa taratibu ndio walioshika usukani. Mjini kwa Kabaka alikuwepo Yosefu Mukasa Balikuddembe na Andrea Kaggwa. Mityana walikuwepo Matia na Luka. Walikusanya watu nyumbani, wakawafundisha walichofundishwa, wakawaandaa wengine kwa ubatizo. Hapo ndipo alipoipata imani mfinyanzi Noa Mawaggali, ambaye naye ni mmoja wa wale 22.

Watu walimshangaa Matia. Mkubwa mzima anabeba mzigo wake mwenyewe, analima kwa mikono yake, wakati kazi hizo wenye cheo waliwaachia watumwa na wanawake. Akawa mpole kwa watumishi wake, naye alikuwa anakumbuka utumwa ulivyo.

Kwa hiyo unayefikiri darasa linakwisha siku ya Mkesha wa Pasaka, hapana. Baada ya ubatizo kuna mafundisho ya kipindi cha Pasaka, halafu kuna jumuiya ndogo ndogo kila wiki, na kuna siku utaambiwa wewe ndiye uongoze sala kwa sababu mwenyekiti kasafiri.

Safari ya mwisho

Mei 1886 Kabaka Mwanga aliamua kuwamaliza Wakristo. Matia na Luka wakakamatwa, wakapelekwa mbele ya Katikkiro, waziri mkuu. Katikkiro alimdhihaki Matia: mtu mzima kama huyu kufuata dini ya wageni, kuacha wake zake, mpaka anajipikia chakula. Matia, ambaye alikuwa mwembamba, akamuuliza kama ameletwa pale kwa sababu ya wembamba wake au kwa sababu ya dini yake. Katikkiro akakasirika, akaamuru auawe kwa mateso makali, na kwa kejeli akasema Mungu wake atakuja kumwokoa. Matia akajibu kwamba Mungu atamwokoa kweli, ila wao hawataona, kwa kuwa atachukua roho na kuwaachia mwili.

Wafungwa walikuwa wanapelekwa Namugongo. Walipofika mahali panapoitwa leo Old Kampala, Matia akasimama, akasema hana haja ya kwenda mbali zaidi, wamuulie hapo hapo. Akaagana na Luka kwa matumaini ya kukutana mbinguni. Wakamkata mikono na miguu, wakamjeruhi vibaya, kisha wakafunga mishipa damu isitoke upesi ili asife mapema. Wakamwacha peke yake kwenye nyasi. Alikaa katika maumivu hayo siku kama tatu mpaka akafa, mwisho wa Mei 1886. Alikuwa na umri wa miaka kama 50. Luka alichomwa moto Namugongo Juni 3, siku ya Kupaa Bwana, pamoja na kundi la Lwanga.

Walitangazwa wenyeheri mwaka 1920 na watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Wewe unayetaka kuanza

Nimalizie na mambo machache ya kuyategemea.

Kwanza utaongea na katekista au padre, na jumuiya ya mtaani kwako itakufahamu. Huulizwi unajua nini. Unaulizwa unatafuta nini. Kisha kuna ibada ya kukupokea, unapigwa alama ya msalaba, unakuwa mkatekumeni. Utafundishwa Kanuni ya Imani, sakramenti saba, Amri za Mungu na za Kanisa, jinsi ya kusoma Biblia, na jinsi ya kusali. Kama hujui kusoma usijali, hata wazee wetu walishika kwa kusikia. Mambo ya ndoa yako sema mapema, usifiche mpaka mwezi wa mwisho.

Utahitaji msimamizi, Mkatoliki aliyepata Kipaimara, mwenye miaka angalau 16, anayeishi vizuri imani yake, na asiwe baba au mama yako. Usimchague kwa sababu ana duka.

Mwanzo wa Kwaresima, walio tayari wanateuliwa. Dominika ya tatu, ya nne na ya tano wanaombewa hadharani. Usiku wa Mkesha wa Pasaka unapokea vyote vitatu: Ubatizo, Kipaimara na Ekaristi. Asiyewahi kubatizwa haungami kabla ya hapo, ubatizo unaondoa dhambi zake zote. Wengi huona hili ni kubwa mno kuliamini, nami nawaambia waliamini tu.

Na jamani, ninyi mliobatizwa utotoni, mkiona mtu mzima amekosea kupiga ishara ya msalaba, msicheke. Sogea kwenye benchi, mpe nafasi akae.

Tuombe. Ee Mungu, uliyemtafuta Matia kabla yeye hajaanza kukutafuta, uwaongoze wote walio safarini kuja kwako, hasa wale ambao hatua inayofuata inawaumiza moyo. Uzilinde nyumba zao, wake kwa waume, pamoja na watoto. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mt. Matia Mulumba, utuombee.